Lita Moja ya Petroli, Vinywa Viwili

Kuna fundi wa pikipiki pale Kondele, Kisumu, karibu na steji ninapopandia boda kila asubuhi. Ana mwavuli uliochanika upande mmoja, kreti mbili za soda za kukalia wageni, na redio isiyozimwa. Kabureta anafungua yeye. Siasa tunafungua sote.

Julai 2023, sheria mpya ya fedha ilipopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, nilimuuliza kwa nini petroli imekuwa ghali hivi. Hakuinua hata kichwa. "Zakayo," alisema, yaani Rais William Ruto, kwa jina la yule mtoza ushuru wa Biblia. Nikamtajia vita vya Ukraine, nikamtajia dola iliyokuwa ikipanda. Akacheka. "Kwani Ukraine wana kituo cha mafuta hapa Kondele?"

Wiki ileile nilizungumza na shemeji yangu wa Nakuru, mume wa dada yangu, anayelima viazi upande wa Molo na kuviuza Soko la Wakulima. Nikamuuliza swali lilelile. "Shemeji, mpe mtu muda," aliniambia. "Alikuta hazina imefagiliwa. Na mafuta yamepanda dunia nzima, si Kenya peke yake."

Novemba 2024 nikawauliza tena, safari hii kwa makusudi. Fundi akapangusa mikono kwa kitambaa, akanieleza kwa upole wa mwalimu: "Omera, bei ya mafuta inapangwa Uarabuni huko. Rais atafanya nini?" Shemeji naye hakuningoja nimalize. "Ni ushuru, shemeji. Ushuru tu. Wanatukamua mpaka damu."

Walikuwa wamebadilishana maneno kama watu waliotoka msikitini kila mmoja na viatu vya mwenzake. Wala hakuna aliyehisi kwamba vinambana.

Kilichotokea katikati kinajulikana. Kati ya Julai na Agosti 2024, baada ya maandamano ya vijana, vigogo wa ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga, waliingia katika baraza la mawaziri: John Mbadi akapewa Hazina ya Kitaifa, Opiyo Wandayi akapewa Kawi, Hassan Joho Madini, Wycliffe Oparanya Ushirika. Wizara inayosimamia mafuta ikawa mikononi mwa mtu wa Nyanza, na mfuko wa serikali vilevile. Oktoba mwaka huohuo Naibu Rais Rigathi Gachagua akatimuliwa na bunge, na sehemu kubwa ya wapiga kura wa jamii yake ya Wakikuyu, wakiwemo wengi wa Nakuru, wakajiona wametupwa nje ya nyumba waliyoijenga wenyewe 2022. Fundi alikuwa ameingia ndani. Shemeji alikuwa ametoka nje. Lita ilibaki kuwa lita.

Msomaji makini atanizuia hapa. Ataniambia: ngoja, bei yenyewe haikubaki palepale. Ni kweli. Oktoba 2023 lita moja ya petroli ilifika shilingi 217.36 jijini Nairobi. Novemba 2024 ilikuwa 180.66. Shilingi nayo ilikuwa imejikwamua: mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, baadaye mwaka huo ikatulia kwenye 129 hivi. Kwa hiyo fundi anaweza kujitetea kwamba alilegeza kamba kwa sababu mambo yalikuwa afadhali.

Sawa. Lakini kama bei ndiyo iliyombadilisha fundi, ingembadilisha na shemeji, tena kwa upande uleule. Lori lake linakunywa dizeli ya nchi hiihii. Yeye bei iliposhuka ndipo alipokasirika. Kipimo kimoja kikiwasukuma watu wawili pande mbili tofauti, shughuli inafanywa na kitu kingine.

Kitu hicho ndicho ninachotaka kukieleza, na nitaanza kwa kusema kisivyokuwa. Si ujinga. Mara nyingi hata si uongo. Fundi anaijua bei hadi senti kwa sababu usiku wa tarehe 14 kila mwezi husubiri tangazo la EPRA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta, kama wengine wanavyosubiri matokeo ya mpira. Shemeji anaijua bei ya mfuko wa mbolea tangu ulipokuwa zaidi ya elfu sita, ukashuka hadi 3,500 kwa ruzuku mwaka 2022, kisha 2,500. Ukweli wanao. Uaminifu wa kisiasa haukuzuii kuuona ukweli huo. Unakuchagulia tu wa kumlaumu na wa kumsamehe.

Angalia hiyo mbolea. Mwaka 2023 shemeji aliisifu hadi nikachoka. Mwaka 2024 alinunua tena kwa bei ileile ya ruzuku, lakini ukimgusa sasa habari ni moja tu: sakata ya mbolea ghushi iliyoibuka masika ya mwaka ule. Sakata ilikuwa ya kweli na wakulima waliumia. Ila yeye mwenyewe hakuuziwa mfuko mbovu. Mambo mawili ya kweli yalikuwa mezani, na kila msimu wa siasa aliinua moja akaliacha jingine.

Uchumi nao hurahisisha mchezo huu, kwa sababu takwimu zake zina milango miwili. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7. Anayeipenda serikali atakwambia bei zimeshuka. Asiyeipenda atakupeleka soko la Kibuye kwa mama wa omena akuonyeshe gorogoro, mkebe wake wa kupimia. Na huyo wa Kibuye hajakosea: mfumuko ukishuka maana yake ni kwamba bei zinapanda polepole zaidi, basi. Mzigo uliokwisha kuwekwa kichwani haushuki. Umeongezewa kidogo tu kuliko mwaka jana. Wa kwanza naye hakosei kabisa, maana kasi imepungua kweli. Palipo na ukweli wa aina mbili, mtu huchukua ule unaofanana na kadi yake ya chama.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Geoffrey Cohen, alichapisha majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo. Aliwapa mipango ya kusaidia familia maskini, mmoja wa ukarimu mwingi, mwingine wa kubana mkono. Kisha akawaambia chama gani kinaunga mkono mpango upi, na hapo alikuwa akiwabadilishia makusudi. Wale wenye mrengo wa kutaka serikali isaidie maskini waliunga mkono mpango wa mkono wa birika walipoambiwa ni wa Democrats. Wahafidhina nao wakaunga mkono ule wa ukarimu walipoambiwa ni wa Republicans. Walipoulizwa sababu, walisema wameupima mpango wenyewe. Chama? Hapana, hicho kinawapotosha wengine.

Na baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2016, wafuasi wa Republicans waliokuwa wakilia kwamba uchumi unazama walianza kuuona ukiinuka, na wale wa Democrats wakauona ukididimia. Rais mpya hata alikuwa hajaapishwa. Fundi wangu ana wenzake wengi kuliko anavyodhani.

Tofauti yetu na wao ni hii. Chama cha kule kina umri. Mtu hurithi Democrats kutoka kwa babu yake, na chama kina misimamo yake ya miaka mingi kuhusu ushuru, matibabu na bunduki. Huku kwetu hesabu mwenyewe: 2002 NARC, 2007 ODM na PNU, 2013 TNA na URP upande mmoja, CORD upande wa pili, 2017 Jubilee na NASA, 2022 Kenya Kwanza na Azimio. Mwaka 2025 ODM na UDA, chama cha Rais Ruto, zikatia sahihi makubaliano Machi 7, na aliyekuwa adui akawa mshirika. Chama chetu ni basi. Watu wanafuata dereva, na dereva ana uhuru wa kubadilisha njia abiria wakiwa wamelala.

Ndiyo maana maoni yetu hugeuka kwa wikendi moja. Novemba 2017 NASA ilitoa wito wa kususia bidhaa za kampuni kadhaa kubwa, na hapa Kisumu kulikuwa na watu waliojificha wakinunua maziwa. Machi 9, 2018 Rais Uhuru Kenyatta na kiongozi wa NASA, Raila Odinga, wakapeana mkono kwenye ngazi za Harambee House. Septemba mwaka huohuo VAT ya mafuta ikaanza kutozwa, Uhuru akapendekeza iwe asilimia 8 badala ya 16, na ODM ikaunga mkono. Sheria hiyohiyo ya fedha ya 2018 ilikuja pia na makato ya asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, ambayo mahakama iliyasimamisha. Fundi alinieleza wakati ule kwamba Baba, yaani Raila, ametupunguzia, na kwa hesabu ilikuwa nusu kweli. Miaka mitano baadaye makato ya nyumba yakarudi, asilimia ileile 1.5, chini ya serikali nyingine. Safari hii yakawa wizi wa mchana.

Nyuma zaidi kuna mfano ninaoupenda kuliko yote, wa kura za maamuzi. Novemba 21, 2005 Wakenya waliulizwa kuhusu katiba mpya kwa kutumia ndizi na chungwa, ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa la. Chungwa likashinda kwa asilimia 58 hivi, na kutokana nalo kikazaliwa chama. Raila na William Ruto walikuwa pamoja upande wa chungwa. Agosti 4, 2010 tukaulizwa tena. Ikapita kwa asilimia 67 hivi, Raila sasa akiwa upande wa ndiyo pamoja na Mwai Kibaki, na Ruto akiongoza la. Nyanza ikahama na Raila, Bonde la Ufa kwa sehemu kubwa likabaki na Ruto. Rasimu hizo mbili hazikuwa moja; ya 2010 ilileta kaunti, na hilo si jambo dogo. Lakini sikumbuki mtu hata mmoja kijijini aliyeziweka zote mbili mezani akalinganisha kifungu kwa kifungu. Tuliwatazama waliosimama jukwaani.

Je, ni upumbavu kuwatazama? Hapa natofautiana na wenzangu wanaoandika siasa wakiwa wamekunja pua. Mswada wa fedha ni kurasa na kurasa za kurekebisha vifungu vya sheria nyingine ambazo pia hujazisoma. Mwenye pikipiki ishirini za kukarabati hawezi kuusoma. Mimi mwenyewe ninayeandika haya niliwahi kuusoma mmoja hadi ukurasa wa kumi na moja. Kumtazama mtu unayemwamini ni njia ya mkato, na njia za mkato hazikuwepo bure: nyingi zinafika.

Halafu kuna historia, na Kisumu historia haijawahi kuwa ya vitabuni tu. Oktoba 25, 1969 Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali tunayoiita Russia mpaka leo. Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai. Maneno yakarushiana hadharani kati ya rais na Jaramogi Oginga Odinga, umati ukapandwa na hasira, risasi zikalia, watu wakafa. Chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku. Aliyekulia katika mji huu amesikia hadithi hiyo kabla hajajua kusoma, pamoja na maelezo ya kwa nini barabara fulani haikujengwa na bandari ikalala. Kisha ikaja handisheki ya 2018, na bandari ileile ikakarabatiwa. Mwambie mtu wa hapa kwamba kuwa ndani ya serikali au nje hakuna tofauti, atakupeleka ufukweni akuonyeshe.

Kwa hiyo fundi anaposema bei inapangwa Uarabuni, usimsikie akizungumzia mafuta tu. Anasema: sasa na sisi tumo, tusiiharibu. Na shemeji anaposema wanatukamua, anasema: tuliwapigia kura kwa kishindo, wakatufukuza. Swali ni la petroli, jibu ni la heshima.

Kuna na bei ya kupinga, ambayo ni ndogo kuitaja na kubwa kuilipa. Fundi ana kijana anayemsaidia, mwenye miaka ishirini na kitu, mkimya. Siku moja mwishoni mwa 2024, wazee wakisifia mawaziri wapya, kijana akasema bila kuacha kukaza nati: "Kwani walipoingia, sukari imeshuka?" Kukawa kimya. Kisha mmoja, kwa sauti ya utani ambayo haikuwa utani, akamuuliza: "Nani amekununua?" Kijana akainama. Mteja aliyekuwa ameleta pikipiki akamwambia fundi afunge gurudumu yeye mwenyewe. Basi, hivyo tu. Hakuna aliyepigwa. Lakini ungekuwa wewe, kesho yake ungesema nini? Maoni ya mtu kuhusu sukari hayampunguzii bei hata shilingi moja. Yanaweza kumpunguzia marafiki, na hesabu hiyo kila mtu anaijua.

Nisijifanye niko juu ya mti. Kwetu ni Vihiga. Marehemu baba alikuwa akiiita siasa ya hasla ya Ruto maneno ya majukwaa. Januari 2022 Musalia Mudavadi wa kwetu Vihiga, aliyekuwa akitembea na kauli yake ya uchumi bora na pesa mfukoni, akatangaza pale Bomas mwelekeo wake, akaungana na Ruto. Ndani ya mwezi baba alikuwa akinieleza uchumi wa kutoka chini kwenda juu kwa kutumia mfano wa kuku wa mama, na ulikuwa mfano mzuri. Nilimcheka. Kisha Mudavadi akawa Mkuu wa Mawaziri, makato ya nyumba yakatokea kwenye mshahara wangu, nami nikajisikia nikimwambia mwenzangu kazini, "Wacha kwanza tuone." Mimi, ambaye makato mengine yote huyalaani kabla ya kuyasoma jina.

Uaminifu huu una mahali unapokatika. Juni 2024 ulikatika. Mswada wa fedha wa mwaka huo ulitaka kutoza mkate VAT ya asilimia 16 na kuwatoza wenye magari asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana wakaingia barabarani Kisumu, Nakuru, Kakamega, hata Eldoret kwa rais mwenyewe. Juni 25 wakaingia bungeni Nairobi, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata rais akatangaza hatautia sahihi mswada. Wiki ile fundi na shemeji walisema jambo moja. Niliandika tarehe.

Nadhani ni kwa sababu mbili, na ya pili nzito kuliko ya kwanza. Mkate hauhitaji mfasiri. VAT ya mafuta hupitia mikono mingi kabla ya kufika kwako, kwa hiyo lawama ina pa kupotelea, lakini mkate unaukata mwenyewe asubuhi. Ya pili ni kwamba hakuna kigogo aliyetangulia kutuambia tufikiri nini. Vijana waliuchambua mswada kwenye simu, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Dholuo, kwa Kikuyu, kifungu baada ya kifungu. Watu waliyapata yaliyomo kabla ya kupata ishara ya nani yuko upande upi. Kwa kawaida huanza ishara, na yaliyomo hayafiki kabisa.

Haikudumu. Mawaziri wapya walipotajwa, ishara zikarudi, na kila mtu akarudi kwenye kreti yake. Mwezi uleule wa Julai ada ya kukarabati barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Shilingi saba, kwa lita. Pale kwa fundi ilizungumziwa siku mbili hivi.

Oktoba 15, 2025 Raila Odinga alifariki akiwa India. Sitaeleza Kisumu ilivyokuwa wiki ile, waliokuwepo wanajua. Oburu Oginga akashika uongozi wa chama kwa muda, naye alitaka ODM ibaki ndani ya serikali kama ilivyokubaliwa. Katibu mkuu, Edwin Sifuna, alikuwa na lugha nyingine kabisa.

Katikati ya Novemba nilipita kwa fundi jioni, tangazo la EPRA likiwa limetoka. Alishika simu yangu kwa vidole viwili asije akaipaka oili, akazisoma bei, akanirudishia. Nilingoja. Hakutaja Uarabuni, hakutaja Zakayo.

"Tusikie kwanza viongozi wa chama watasema nini," mmoja wa wazee akasema.

"Yupi kati yao?" kijana akauliza, akiwa ameinamia injini.